Orodha ya Pericles

Mjukuu wa Mwalimu anajiandaa kwa mdahalo shuleni. Hoja waliyopewa ni kwamba jamii huinuliwa na kiongozi mmoja shupavu, na mfano aliopangiwa kuutetea ni Pericles wa Athens. Mwalimu alifundisha historia miaka mingi kabla ya kustaafu, na angeweza kumwandikia mtoto insha kwa usiku mmoja. Badala yake aliileta hoja barazani, chini ya kivuli cha mkungu hapa Mkunguni, Msambweni, saa ambayo mitumbwi inavutwa ufuoni na mama karanga, wakaanga samaki, wameshawasha moto.

Walikuwa watano, na mimi wa sita na daftari langu. Mwalimu alikalia kiti chake cha mkeka. Kijana wa bodaboda alikuwa ameegemea pikipiki. Mama Karanga alikuwa anaparua tafi, na mzee mmoja wa Nguluku, aliyehama kupisha mgodi, alikuwa na kikombe cha kahawa chungu. Pembeni kidogo alikaa Mchongaji, Mmakonde, kipande cha mpingo mapajani na patasi mkononi. Ninawaita kwa kazi zao au kwa kwao. Waliyoyasema ndiyo yenye uzito.

MWALIMU: Tuanze na mtu mwenyewe. Pericles alizaliwa karibu mwaka 495 KK katika nyumba kubwa. Babake, Xanthippus, aliongoza vita dhidi ya Waajemi. Lakini Pericles hakuwa mfalme, na watu husahau hilo. Alikuwa mmoja wa majemadari 10 waliochaguliwa na wananchi kila mwaka. Kila mwaka, jamani! Na kuanzia 443 KK hadi alipokufa mwaka 429 walimchagua mfululizo.

KIJANA: Kwetu ni miaka mitano mitano, na gavana akimaliza vipindi viwili Katiba inamwambia basi. Salim Mvurya, gavana wetu wa Kwale, aliingia 2013, akatoka 2022. Huyo wako hakuwa na kikomo.

MWALIMU: Hakuwa na kikomo, lakini alikuwa na hesabu. Jemadari akimaliza mwaka wake alikaguliwa alichopokea na alichotumia. Mwaka 430 KK, vita na Sparta vimepamba moto na tauni imeingia mjini, walimvua ujemadari wakamtoza faini. Baadaye wakamrudisha. Hebu fikirieni mtu mkubwa kiasi hicho anasimama mbele ya wavuvi na wafinyanzi, wanampiga faini, na yeye analipa.

KIJANA: Mimi hapo namkubali. Na namkubali zaidi kwa kujenga. Hekalu la Parthenon lilianza mwaka 447 KK, likawekwa wakfu 438. Miaka tisa tu! Sisi barabara moja ya kuingia kijijini tunaisubiri kutoka uchaguzi hadi uchaguzi.

MWALIMU: Jengo ni jambo la macho. La maana zaidi ni posho ya mahakama. Kesi za Athens zilisikizwa na raia wa kawaida, mamia kwa kesi moja. Sasa mvuvi akikaa siku nzima kusikiza kesi, jioni watoto watakula nini? Kwa hiyo hapo mwanzo haki ilikuwa mikononi mwa wenye mali, kwa sababu wao ndio waliokuwa na siku za kupoteza. Pericles akasema atakayekaa kuhukumu atalipwa. Pesa zenyewe kidogo, lakini zilimwezesha maskini kukaa kwenye benchi moja na tajiri.

Hapa niliona Kijana ametikisa kichwa kwa kukubali, na mimi pia nilikubali. Tumeona wenyewe vikao vya kukusanya maoni ya wananchi kuhusu bajeti vinavyoitishwa saa nne asubuhi siku ya kazi. Anayekuja ni nani? Ni yule asiye na wavu wa kutegua. Posho ile ya Athens ilikuwa ni kuelewa tu kwamba muda wa maskini nao una bei. Sijui kiongozi mwingine wa zama zile aliyelielewa jambo hilo vizuri kuliko yeye.

MZEE WA NGULUKU: Mwalimu, hizo pesa za posho na za hekalu zilitoka wapi?

MWALIMU: Nilijua utauliza.

MZEE WA NGULUKU: Nitakosaje kuuliza? Mchanga umetoka chini ya mikorosho yetu.

MWALIMU: Basi sikiza. Baada ya kuwashinda Waajemi, miji ya Kigiriki iliungana, kila mmoja ukatoa merikebu au fedha kwa ulinzi wa wote. Hazina iliwekwa kisiwani Delos. Mwaka 454 KK ikahamishiwa Athens, wakasema kule kisiwani si salama. Haikurudi. Wapinzani wa Pericles walimshutumu mbele ya watu kwamba anaupamba mji kwa mali ya wenziwe. Mwandishi wa kale Plutarch anasimulia kwamba alijibu kuwa Athens haina hesabu ya kuwapa washirika maadamu inawalinda. Samos walipojaribu kujitoa mwaka 440 KK, yeye mwenyewe aliongoza merikebu kwenda kuwazingira. Mwaka uliofuata walisalimu amri, kuta zao zikabomolewa na gharama za vita wakalipishwa wao.

MZEE WA NGULUKU: Kwa hiyo wananchi wake aliwapa hesabu, wenziwe akawanyima.

MWALIMU: Ndivyo.

MZEE WA NGULUKU: Mimi nimeuona mgodi wa titanium unafunguliwa na nimeuona unafungwa. Madini yalianza kusafirishwa kupitia Likoni mapema 2014, na Desemba 2024 uchimbaji ukasimama. Sheria ya Madini ya 2016 inasema katika mrabaha, asilimia 70 ni ya serikali kuu, 20 ya kaunti, 10 ya jamii ya pale pale. Imeandikwa. Lakini kutoka sheria ilipoandikwa hadi hiyo 10 kufika kwa jamii, tumengoja miaka. Mgodi haukungoja.

MWALIMU: Athens nao walikuwa na mgodi, wa fedha, pale Laurion. Mwaka 483 KK, Pericles akiwa mtoto, waligundua mshipa mkubwa. Wengi walitaka pesa zigawanywe, kila raia apate drakma 10. Themistocles akawashawishi wajenge merikebu. Merikebu hizo ndizo zilizoshinda vita vya Salamis.

KIJANA: Unaona? Kiongozi mmoja. Angewaachia watu wangegawana wakala.

MAMA KARANGA: Na waliochimba ni nani?

Alisema bila kuinua kichwa. Kwa wasiomjua tafi, ni samaki mdogo mwenye miiba mgongoni yenye sumu. Ukichomwa, mkono unawaka nusu siku. Mama Karanga humshika kwa kidole gumba nyuma ya kichwa, akakata miiba yote kwa pigo moja la kisu, kisha akamchanja ubavuni mara tatu chumvi iingie. Anafanya hivyo na huku anazungumza, na sijaona akichomwa.

MWALIMU: Watumwa, Mama. Maelfu. Wanaingia mashimoni wakitambaa.

MAMA KARANGA: Na mwanamke? Katika hayo mabenchi ya mahakama alikaa wapi?

MWALIMU: Hakukaa. Wala hakupiga kura. Mwaka wa kwanza wa vita Pericles alitoa hotuba ya mazishi ya askari, ambayo mwanahistoria Thucydides ameiandika, na mpaka leo inasomwa dunia nzima kama sifa ya demokrasia. Mwishoni aliwageukia wajane. Akawaambia kwamba heshima yao kubwa ni kutotajwatajwa na wanaume, kwa wema wala kwa ubaya.

MAMA KARANGA: Mume amekufa vitani, naye anaambiwa anyamaze.

Karai lililia mafuta. Hakuongeza neno juu ya hilo, wala mimi siwezi kuongeza. Baadaye kidogo Kijana alijaribu kumfariji kwamba mambo yamebadilika: mwaka 2022 magavana 7 wanawake walichaguliwa Kenya nzima, na mmoja wao ni Fatuma Achani wa hapa hapa Kwale, mwanamke wa kwanza kushika ugavana Pwani. Mama Karanga alisema anajua, alimpigia kura ama hakumpigia ni siri yake, na kwamba Athens ingalikuwa na akili ingalimuuliza Aspasia.

Aspasia ndiye aliyelifungua jambo lenyewe. Alikuwa mwanamke wa Miletus aliyeishi na Pericles, mwenye elimu na kauli, na walizaa mtoto wa kiume aliyepewa jina la babake. Kijana akauliza kwa nini Mwalimu anasema "aliishi naye" badala ya kusema mkewe. Mwalimu akavua miwani.

MWALIMU: Kwa sababu ya sheria ya Pericles mwenyewe. Mwaka 451 KK alipitisha kwamba hatakuwa raia wa Athens ila aliyezaliwa na baba raia na mama raia, wote wawili. Zamani baba alitosha. Aristotle anasema sababu ilikuwa wingi wa raia.

MCHONGAJI: Wingi.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza alasiri ile. Patasi ilisimama.

MWALIMU: Ndiyo, Mzee. Ukianza kulipa posho, ukianza kugawa nafaka na viwanja, watu huanza kuhesabiana. Plutarch anasimulia kwamba mfalme wa Misri aliwaletea Waathens zawadi ya ngano. Ilipofika zamu ya kugawa, majina yakakaguliwa, huyu mamake wa wapi, yule babake nani. Karibu watu 5,000 wakakutwa si raia kwa sheria ile, wakafutwa katika orodha.

KIJANA: Mimi hapo, kwa heshima yako Mzee, namwelewa Pericles. Dada yangu amesoma kwa ufadhili wa kaunti. Pesa zile zina mwisho. Kila anayekuja akiandikwa, wa hapa atabaki na nini? Kugawa kunataka orodha, na orodha inataka mpaka.

Sitaki msomaji aipuuze kauli hii. Kijana hana roho mbaya. Ndiye humpeleka mama mjamzito hospitali ya Msambweni usiku wa manane na kumwambia utalipa kesho. Anasema ambalo kila anayetunga bajeti analijua. Ukarimu wa Pericles na mlango wake uliofungwa vilikwenda pamoja, na hakuna aliyepata jibu rahisi pale. Mzee wa Nguluku alisema kuna tofauti ya kumzuia anayebisha hodi leo na kumtoa aliyezaliwa ndani ya nyumba. Kijana akasema tofauti hiyo inapimwaje. Ndipo Mchongaji alipoweka mpingo chini.

MCHONGAJI: Nitakwambia inavyopimwa, mwanangu. Wazee wetu waliletwa kutoka Msumbiji, wengi wao miaka ya 1930 na 1940, kukata mkonge na kulima miwa ya Ramisi. Waliitwa kazini, hawakubisha hodi. Mimi nimezaliwa huku. Nchi ikapata uhuru 1963. Katiba ikasema raia ni aliyezaliwa Kenya na mzazi wake mmoja angalau awe amezaliwa Kenya. Mimi nilizaliwa Kenya. Wazazi wangu walizaliwa ng'ambo ya Ruvuma. Pericles alitaka wazazi wawili, Kenya ilitaka mmoja, na mimi sikuwa na hata huyo mmoja.

KIJANA: Si mngejiandikisha?

MCHONGAJI: Kulikuwa na muda wa kujiandikisha, miaka miwili. Nani alikuja shambani kutusomea? Baba alijua siku ya mshahara na siku ya mvua. Kiwanda cha Ramisi kikafungwa mwishoni mwa miaka ya 1980, tukabaki na miwa ya mwituni na hatuna karatasi. Huna kitambulisho, huna akaunti ya benki. Simu zilipokuja, laini unaandikisha kwa jina la jirani, na pesa ulizotumiwa unamwomba jirani akutolee. Mtoto anafaulu shule, anaulizwa cheti cha kuzaliwa. Nimechonga sanamu zimepelekwa Ulaya. Mimi mwenyewe Likoni kuvuka nilikuwa naogopa polisi.

MWALIMU: Kule Athens waliitwa wageni wakazi. Wanalipa kodi yao, wanapigana vita, hawapigi kura. Kwenye kilima kile cha Parthenon kuna hekalu jingine, Erechtheion, lilimaliziwa baada ya Pericles kufa. Hesabu za ujenzi wake zilichongwa kwenye mawe na vipande vyake vipo mpaka leo. Kwenye nguzo moja utawakuta wachongaji pamoja, raia, mgeni mkazi na mtumwa, na ujira wao sawa, drakma moja kwa siku.

MCHONGAJI: Patasi haijui cheti.

MWALIMU: Haijui. Lakini baraza la mji lilijua.

Mimi nina neno langu hapa, na nitalisema wazi. Tunaposoma habari za enzi za dhahabu tunahesabu nguzo, hotuba na tamthilia, tunamsifu aliyesimama mbele. Ningependa mjukuu wa Mwalimu akipanda jukwaani awe ameshika kipimo kingine mkononi: mlango ulikuwa mpana kiasi gani kiongozi alipoupokea, na ulikuwa mpana kiasi gani alipouacha. Kwa kipimo hicho Pericles ni watu wawili. Maskini aliyekuwa ndani ya orodha alimpa kiti, sauti na posho. Aliyekuwa nje, akamjengea ukuta mrefu kuliko aliourithi. Siwezi kuyapunguza haya mawili nikabaki na moja, na nadhani anayempa mtoto somo la uongozi kwa kumwonyesha upande mmoja anamdhulumu mtoto.

KIJANA: Lakini Mzee, mwisho si mlipata? Na nani aliwapa? Rais. Mtu mmoja. Uhuru Kenyatta alisema mwandikwe, mkaandikwa. Si ndiyo hoja yenyewe ya mdahalo?

MCHONGAJI: Aliandika, kweli, na akatuomba radhi kwamba tumengoja mno. Sitamnyima haki yake. Lakini ilikuwa Oktoba 2016. Nani alitoka hapa Kwale akashika njia ya Nairobi mpaka lango la Ikulu? Wazee, kina mama na watoto mgongoni. Tulikwenda kwa sababu tumeandika barua hadi wino ukaisha. Februari 2017 vitambulisho vikaanza kutolewa, tukaitwa kabila la 43. Rais alikuwa kwenye kiti chake. Barabara tulikuwa nayo sisi.

MAMA KARANGA: Na Wapemba wa Shimoni na Vanga wamengoja hadi 2023. Wametuvulia samaki miaka yote hiyo. Mimi nimewakaanga.

MZEE WA NGULUKU: Kaya za Wadigo, miji yao ya kale, zilikuwa na ngambi, baraza la wazee. Hakuna aliyesimama peke yake akasema mji ni mimi. Na ukitaka la leo, nenda Gazi na Makongeni uone wanavyouza hewa ya ukaa ya mikoko. Mradi wa Mikoko Pamoja. Kamati inachaguliwa na wanakijiji, pesa zikija wanakaa wanaamua, maji au vitabu vya shule. Niambie jina la kiongozi wao shupavu.

KIJANA: Silijui.

MZEE WA NGULUKU: Maji wanakunywa.

Mwalimu alicheka mpaka akakohoa, kisha akarudi kwenye hoja yake. Ngambi, alisema, ilitosha kaya. Kuongoza merikebu 200 baharini kunahitaji mtu wa kuamua. Na mikoko ya Gazi isingeuzwa pasipo waliokaa mbele wakaongea na wanunuzi wa mbali. Hakuna baraza lisilo na wa kufungua mazungumzo. Mzee wa Nguluku alikubali la pili, la kwanza akalikataa. Sikuona aliyemshinda mwenzake, na jua lilikuwa limeshafika kwenye minazi.

Kijana akauliza lililobaki: yule mtoto wa Aspasia aliishia wapi?

MWALIMU: Hapo ndipo huwa nasimama darasani. Vita vilipoanza mwaka 431 KK, Pericles aliwashauri watu wa mashamba waache kila kitu waingie ndani ya kuta. Mji ukafurika, wakalala mahekaluni na vibandani. Mwaka uliofuata tauni ikaingia. Pericles alikuwa na wana wawili wa ndoa, Xanthippus na Paralus. Akafa wa kwanza, baba akajikaza. Akafa Paralus, na alipokwenda kumwekea maiti shada la maua akashindwa, akalia mbele ya watu. Mtu huyo hawakuwahi kumwona akilia hadharani. Akabaki na mtoto mmoja, wa Aspasia, ambaye kwa sheria ya babake si raia, hawezi kurithi jina wala nyumba. Basi Pericles akawaomba Waathens wamwondolee mwanawe sheria aliyoitunga yeye.

MAMA KARANGA: Wakakubali?

MWALIMU: Walimhurumia. Mtoto akaandikwa. Pericles akafa kwa tauni hiyo hiyo mwaka 429. Yule kijana akakua, akawa jemadari kama babake. Mwaka 406 KK walishinda vita vya baharini pale Arginusae, lakini dhoruba ikawazuia kuwaokoa mabaharia waliozama. Wananchi wakakasirika, wakawahukumu majemadari kifo, na sita wakauawa kwa amri ya mji. Yeye alikuwa mmoja wao.

Baraza lilinyamaza. Mama Karanga alikuwa ameepua karai, na tafi wake walikuwa wamepangwa kwenye gazeti, mafuta yakichora duara chini ya kila mmoja. Mchongaji alipuliza vumbi la mpingo kutoka magotini.

MCHONGAJI: Mwalimu, mtoto wake mmoja alirudishwa kwenye orodha. Na wale 5,000 wa ngano?

Mwalimu alifungua daftari lake, akatafuta ukurasa, akausoma kimya mpaka chini.

MWALIMU: Plutarch anasema waliuzwa.